Kuigeuza Peugeot ya gia kumi iwe ya gia moja: vipuri gani vya Phoenix vinaingia, na vipi haviingii

Swali. Nina baiskeli ya Peugeot ya mtumba, fremu ya chuma, ambayo inakisiwa kuwa ya miaka ya 1970. Mbele ina sproketi mbili, za meno 52 na 40, na nyuma ina tano, za meno 14, 17, 20, 24 na 28. Kihamisha cheni cha nyuma ni cha plastiki. Kimepasuka na sijapata kingine. Ninataka iwe ya gia moja tu, niende nayo kazini kutoka Pongwe hadi Tanga mjini. Fundi wa kwanza amenishauri ninunue gurudumu zima la nyuma la Phoenix. Wa pili anasema atang'oa ekseli ya pedali na vikombe vyake, kwa kuwa vinalia, na kuweka vya Phoenix. Wa tatu anataka kuichomelea friwili. Nimsikilize nani, na vipuri vya fremu hii nivitafute wapi?

Jibu. Ndugu yangu, nakusihi usimruhusu hata mmoja kati ya hao watatu aanze kazi kabla hujamaliza kusoma haya. Silisemi hili kwa kuwadharau mafundi wako. Wanayokushauri yanafaa, au karibu yanafaa, kwa Phoenix, Hero, Avon na Raleigh za kubebea mizigo, zile ambazo ndugu zetu wa Kenya huziita Black Mamba, na kwa baiskeli hizo wana uzoefu ambao wengi wetu hatuna. Tatizo ni kwamba Peugeot ya umri huo haikutengenezwa kwa vipimo vya ukoo huo, na kila penye nyuzi za skrubu katika fremu yako panaweza kuharibiwa kabisa na kipuri kinachofanana na kile sahihi kwa macho. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sehemu zote zilizofungwa kwa nyuzi kwenye fremu zibaki zilezile zilizokuja nayo, na gia moja ijengwe kutokana na friwili uliyonayo tayari, yaani kile kifungu cha sproketi za nyuma kinachozunguka bure usipokanyaga. Ukifanya hivyo, vipuri vya kununua vitakuwa vichache na karibu vyote vinapatikana Tanga.

Nieleze kwanza sababu, maana ndiyo itakayokuwezesha kukataa kipuri kibaya ukiwa dukani. Viwanda vya Uingereza, na vile vya India na China vilivyofuata mtindo wao, vilipima nyuzi kwa inchi. Viwanda vya Ufaransa vya wakati huo vilipima kwa milimita. Vikombe vya ekseli ya pedali, yaani vikalio vya gololi za ekseli inayounganisha krenki (mikono ya pedali), vya Kiingereza vina kipenyo cha inchi 1.370, yaani karibu milimita 34.8, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Vya Kifaransa vina kipenyo cha milimita 35, na kila uzi umeachana na mwenzake kwa milimita 1 kamili. Tofauti ya kipenyo ni ndogo mno kuonekana kwa macho, lakini mpishano wa nyuzi unatosha kuzivunja zote mbili, za kikombe na za fremu. Raleigh za Nottingham nazo zilikuwa na kipimo chao wenyewe cha nyuzi 26 kwa inchi, kwa hiyo hata neno "ya Kiingereza" halitoshi kukupa uhakika. Upande wa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, mambo ni yaleyale: friwili ya Kiingereza hufungwa kwenye nyuzi za inchi 1.370, ya Kifaransa kwenye milimita 34.7. Hatari ya hapo ni ya kificho zaidi, kwa sababu friwili ya Kiingereza huingia kwenye habu ya Kifaransa kwa ulegevu kidogo, fundi akafurahi kwamba imekubali, kisha siku unaposimama juu ya pedali kupanda mlima nyuzi zinakatika na friwili inazunguka bure.

Kabla ya kuamini neno langu, hakikisha mwenyewe kwamba yako ni ya Kifaransa kweli, kwa sababu Peugeot zilibadilika jinsi miaka ilivyokwenda na baiskeli ya mtumba huwa imepitia mikono mingi. Anza na pedali. Zifungue, uzisafishe kwa mafuta ya taa, na utazame ncha ya ekseli ya kila pedali, pale inapoingia kwenye krenki. Ukiona herufi D kwenye moja na G kwenye nyingine, hizo ni za kulia na kushoto kwa Kifaransa, na mara nyingi nyuzi zake ni za milimita. Ukiona R na L, ama ni za Kiingereza ama mtu aliwahi kuzibadili. Kisha njoo kwenye kikombe cha kushoto cha ekseli ya pedali, kile chenye pete ya kukazia, ukitoe na ukisafishe hadi nyuzi zing'ae. Chukua bolti ya kawaida ya M6, ile ambayo kichwa chake hufunguliwa kwa spana ya 10. Nyuzi za bolti hiyo zimeachana kwa milimita 1, sawasawa na za Kifaransa. Ilaze ubavuni mwa kikombe, nyuzi kwa nyuzi, na uinue juu kuelekea mwangani. Zikilaliana tangu mwanzo hadi mwisho bila mwanya, kikombe ni cha milimita. Zikianza vizuri kisha zikapishana kadiri unavyosogea, na kufikia uzi wa nane au wa tisa zikawa zimegongana ncha kwa ncha, basi ni za nyuzi 24 kwa inchi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ninakiamini kuliko maandishi yoyote yaliyobandikwa kwenye fremu.

Kikombe cha kulia kina fumbo jingine. Kwenye fremu za Kiingereza hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mazoea, yaani kwa mwelekeo wa mshale wa saa; kwenye za Kifaransa hufunguka kwa kawaida. Peugeot za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 nyingine zilitumia kipimo cha Uswisi, ambacho ni cha milimita kama cha Kifaransa lakini upande wa kulia hufunguka kinyume kama cha Kiingereza. Fundi asiyejua hili huongeza urefu wa spana na nguvu ya mikono, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidi kukikaza. Dawa ya uhakika ni kutokigusa. Kikombe cha kulia kinaweza kusafishwa na kukaguliwa kikiwa palepale, kwa kitambaa, mafuta ya taa na tochi kupitia upande wa kushoto.

Hapo ndipo tunapofika kwa fundi wa pili. Kulia kwa ekseli ya pedali si ushahidi kwamba vikombe vimekufa. Mara nyingi grisi ya miaka mingi imekauka na gololi zimelika, au pini za krenki zimelegea. Krenki za chuma za Peugeot za aina yako kwa kawaida hushikwa na pini zenye ubavu uliochongwa bapa, ambazo mafundi huziita kotapini, na pini iliyolegea hutoa mlio wa "tak" kila mzunguko, mlio ambao mtu huudhania ni wa gololi. Shika krenki zote mbili, moja iwe mbele na nyingine nyuma, uzisukume chini kwa pamoja, kisha uzigeuze nusu mzunguko na usukume tena. Ikicheza moja tu, ni pini yake. Zikicheza zote kwa pamoja, ni ekseli.

Kuitoa pini ni kazi ya kufanya kwa adabu. Fundi wa barabarani huipiga nyundo baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na kila pigo hupitia kwenye ekseli hadi kwenye gololi, nazo huacha vishimo kwenye vikombe ambavyo huwezi kuvipata tena. Mwombe akate kipande cha bomba la chuma kinachofika kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, kikisimama wima na mdomo wake ukizunguka tundu la pini, ili pigo limalizikie sakafuni na pini idondokee ndani ya bomba. Nati ilegezwe lakini isitolewe, ibaki sawa na ncha ya pini, ili nyundo isizichubue nyuzi. Pigo moja zito linalolenga vizuri ni bora kuliko kumi za wasiwasi. Kama karakana ina jiliwa kubwa, kuisukuma pini kwa jiliwa ni bora kuliko nyundo yoyote.

Ukishafungua, tazama njia ya gololi ndani ya vikombe na kwenye ekseli. Mstari unaong'aa na laini ni wa kawaida. Vishimo vinavyokwama kwenye ncha ya kalamu ndivyo vibaya. Kama ni mstari tu, nunua gololi mpya za robo inchi, 11 kwa kila upande, ujaze grisi na ufunge. Gololi hizi zinauzwa kila duka la baiskeli, na hapa duka la Phoenix linakufaa kabisa. Pini mpya nazo zina mtego wake: za baiskeli za Kiingereza ni za kipenyo cha milimita 9.5, za Kifaransa kwa kawaida ni 9.0. Ya Phoenix isipoingia, usikubali tundu la krenki lipanuliwe kwa drili. Peleka pini kwa fundi wa kuchonga vyuma aipunguze hadi 9.0, au uisafishe ya zamani na uitumie tena kama ubavu wake haujalika. Pini ni ya bei ndogo na itapatikana tena. Krenki haitapatikana.

Na ikitokea kwamba vikombe kweli vimeliwa? Basi hapo ndipo utafutaji wa vipuri vya fremu unapoanza kwa dhati, na nakuomba usitafute kikombe kimoja kimoja bali utafute baiskeli nyingine ya Kifaransa iliyokufa. Motobécane na Gitane za wakati huo mara nyingi zilitumia vipimo vya milimita vilevile, na fremu iliyovunjika au iliyoota kutu huuzwa kwa bei ya chuma chakavu huku ndani yake vikombe, ekseli na pini vikiwa vizima. Makontena ya mtumba kutoka Ulaya huleta baiskeli za kila aina zikiwa zimechanganyika, na wauzaji wake huweka kando zile zisizouzika. Dar es Salaam na Zanzibar ndiko ningekoanzia. Nenda na ile bolti ya M6 mfukoni na kikombe chako kimoja cha mfano. Kama una ndugu Ufaransa au Ubelgiji, kipuri cha gramu mia chache ni rahisi kumwomba akuletee, mradi umpelekee picha na vipimo, maana hata huko wauzaji huchanganya. Yapo pia makatriji ya ekseli ya pedali, yaani ekseli na gololi zake vikiwa kifurushi kimoja, yasiyohitaji nyuzi kabisa, ambayo hujibana ndani ya fremu kutoka pande zote mbili. Hayo huokoa hata fremu ambayo nyuzi zake zimekwisha, ila hudai krenki za kisasa zenye tundu la mraba badala ya zako za pini. Kuna na njia ya kukata nyuzi upya hadi kipimo cha Kiitaliano cha milimita 36, ambayo ni halali na imeokoa fremu nyingi, lakini tapu zake, yaani vyuma vya kukatia nyuzi, ni adimu na mtu akikosea mara moja chuma hakirudi. Mimi ningeiweka mwisho kabisa.

Fundi wa kwanza, wa gurudumu la Phoenix, anastahili jibu la heshima kwa sababu wazo lake linaonekana kuwa la busara: gurudumu zima, tayari lina friwili ya gia moja, unafungua na kufunga. Linashindwa mahali patatu. Kwanza ukubwa: gurudumu la inchi 28 kwa 1½ la baiskeli hizo lina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokalia, ilhali yako, kama tairi zimeandikwa 700C, ni 622, na kama zimeandikwa 27 kwa 1¼, ni 630. Raba za breki zako zitakuta rimu imepanda juu kwa milimita sita na nusu, au mbili na nusu, na si kila breki ina nafasi ya kuzifuata. Pili, na hili ndilo kubwa, rimu ya Phoenix ya breki za fito, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, imetengenezwa ili raba ziivute kutoka ndani, upande wa spoki. Ubavu wake ni wa mviringo. Breki zako hubana ubavuni, na juu ya ubavu wa mviringo wa chuma kilicholowa mvua ya masika hazitakusimamisha. Tatu, habu ya nyuma ya baiskeli hizo ina upana wa karibu milimita 110, wakati midomo ya nyuma ya Peugeot ya sproketi tano, yaani mikato ya fremu inayoshika ekseli, imeachana kwa 120. Nafasi hiyo huzibwa kwa washa, lakini ekseli lazima iwe ndefu ya kutosha kubaki na nyuzi za kushika nati, na mara nyingi haitoshi. Mtu akikwambia basi achukue habu peke yake na kuisukia rimu yako, hesabu matundu kwanza. Mtindo wa zamani wa Kiingereza ni spoki 32 mbele na 40 nyuma. Wa Kifaransa ni 36 na 36.

Kuhusu fundi wa tatu nitasema kwa kifupi na bila kupepesa. Friwili iliyochomelewa huigeuza baiskeli kuwa ya kukanyaga muda wote, na unapoizuia kwa miguu nguvu inageuka na kuifungua friwili kutoka kwenye habu, maana hakuna pete ya kuikaza kinyume. Juu ya hayo joto la kuchomelea hulegeza chuma cha habu. Usikubali.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza usinunue chochote. Toa kihamisha cheni kilichopasuka, kile cha mbele, waya na mikono yake ya gia. Zungusha cheni kutoka sproketi kubwa ya mbele, ya meno 52, hadi sproketi ya tatu ya nyuma, ya meno 20, ambayo ndiyo ya katikati. Ikate na kuiunga kwa urefu unaoruhusu ekseli ya nyuma ikae karibu na katikati ya mdomo wake, ukavute gurudumu nyuma hadi cheni ikaze, na uende nayo Tanga mjini na kurudi kwa juma zima. Midomo ya nyuma ya fremu ya umri huo imelala, haikusimama wima, na hiyo ndiyo bahati yako kubwa, kwa kuwa cheni ya gia moja hukazwa kwa kusogeza gurudumu. Baiskeli za kisasa zenye midomo ya wima hudai kifaa cha ziada cha kukazia cheni, na wenye nazo huhangaika.

Nimechagua 52 kwa 20 kwa makusudi. Gawanya, unapata 2.6, yaani gurudumu huzunguka mara mbili na sehemu sita ya kumi kwa kila mzunguko wa pedali. Mzingo wa gurudumu ukiwa karibu mita 2.1, kila mzunguko wa pedali hukusogeza karibu mita 5.5, na ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa. Kwa njia ya lami isiyo na milima mikubwa, kwa mtu mwenye afya asiye na mzigo, hiyo ni gia ya kawaida. Lakini kama unabeba gunia nyuma, au siku za kusi kali zinakutesa, hamia sproketi ya nne kuelekea ndani, ya meno 24: 52 kwa 24 ni karibu 2.2, na miguu itakushukuru. Cheni itapinda kidogo lakini kwa majaribio haidhuru. Juma hilo la majaribio ni la thamani kuliko ushauri wangu wowote wa namba, kwa sababu magoti ni yako na barabara unaijua wewe.

Kwa nini nasisitiza 52 wakati 40 ingeonekana nyepesi? Katika krenki nyingi za chuma za aina hiyo sproketi kubwa imeunganishwa moja kwa moja na mkono wa kulia, na ile ndogo ndiyo inayofunguka kwa bolti. Kuitoa ndogo ni kazi ya dakika chache, kuitoa kubwa ni kuharibu krenki. Sproketi kubwa hukaa karibu milimita 46 kutoka katikati ya fremu, na ya tatu ya nyuma hukaa karibu 43 na nusu. Mpishano wa milimita mbili au tatu unavumilika. Ukitaka kuumaliza, hamisha washa moja ya ekseli ya nyuma kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, habu isogee kulia, kisha spoki zirekebishwe ili rimu irudi katikati ya fremu. Gurudumu la gia huwa limevutwa upande mmoja ili kuipisha friwili pana, na kadiri unavyopunguza mvuto huo ndivyo spoki za pande mbili zinavyogawana mzigo kwa haki zaidi.

Ukisharidhika na gia, unaweza kuziacha sproketi zote tano palepale na kuendesha hivyo kwa miaka. Wengi hufanya hivyo na hakuna ubaya. Ukipenda unadhifu, friwili hiyohiyo inaweza kupunguzwa ibaki na sproketi moja na pete za kujazia nafasi, na huu ndio ufumbuzi ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu nyuzi zake tayari zinalingana na habu yako. Kwenye friwili za Kifaransa za wakati huo sproketi ndogo za nje hufungwa kwa nyuzi na kuzibana zilizo nyuma yake. Fundi anahitaji viboko viwili vya cheni, ambavyo anaweza kujitengenezea kwa vyuma bapa viwili vyenye kipande cha cheni kuukuu mwishoni: kimoja kinashika sproketi kubwa, kingine kinafungua ndogo kwa kuvuta kushoto. Mwonye jambo moja. Usoni pa friwili pana bamba lenye vitundu viwili vya pini, na hilo hufunguka kinyume. Halihusiki na kazi hii, na likifunguliwa gololi ndogo nyingi pamoja na vijino vya friwili vitamwagika mchangani.

Cheni ndiyo kipuri cha Phoenix kitakachokufaa, mradi umeshaiacha friwili na sproketi moja. Cheni ya gia moja ina upana wa ndani wa inchi 1/8, ya gia nyingi inchi 3/32. Hatua ya pini hadi pini ni nusu inchi kwa zote mbili. Pana hukaa vizuri juu ya meno membamba. Nyembamba haikai juu ya meno mapana. Lakini kama sproketi zote tano bado zipo, tumia nyembamba, kwa sababu pana itakwaruza majirani. Kama unabaki na ya zamani, ipime: vipande 24 vinapaswa kuwa na urefu wa inchi 12. Vikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imechoka. Vikizidi kwa 1/8, na meno ya sproketi yamekwenda nayo, na cheni mpya itayaruka. Kipande cha kuungia chenye klipu kifungwe ili upande wa klipu uliozibwa utangulie mwendo.

Ukazaji wake una kipimo: zungusha krenki polepole, utaona mahali cheni inakaza zaidi na mahali inalegea, kwa kuwa sproketi za zamani hazina duara kamili. Pale ilipokaza zaidi, iache iweze kucheza juu na chini kwa karibu sentimita moja. Cheni iliyokazwa kama uzi wa gitaa hula gololi za habu na za ekseli ya pedali, na hapo utarudi kwenye mlio uleule.

Ikiwa friwili yenyewe imekufa, inateleza au imeshikana, nunua gurudumu la nyuma la mtumba la kipimo cha rimu yako ambalo habu yake ni ya Kijapani. Hizo huwa na nyuzi za inchi, na friwili ya gia moja ya kawaida inaingia. Gurudumu la sproketi sita au saba lina upana wa milimita 126, na fremu ya chuma hukubali kutanuliwa milimita tatu kila upande. Fremu ya aluminiamu haifanyiwi hivyo kamwe. Baada ya kutanua, funga uzi kwenye mdomo mmoja wa nyuma, uuzungushe mbele kwenye bomba la usukani na kuurudisha kwenye mdomo wa pili, kisha upime umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, fremu imepinda upande mmoja na inahitaji kurudishwa kabla gurudumu halijafungwa.

Uma wa mbele, vikombe vya usukani na shina la usukani viache kama vilivyo. Navyo ni vya milimita na havina uhusiano na gia. Grisi mpya inavitosha. Pedali za madukani za inchi 9/16 hazitaingia kwenye krenki za Kifaransa bila kukatwa nyuzi upya kwa tapu ya kulia na ya kushoto, kazi ambayo kwenye krenki za chuma hufanyika vizuri kwa mchongaji mwenye tapu hizo. Kama pedali zako za D na G bado zinazunguka, zitunze. Breki zote mbili zibaki, na kwa kuwa unafungua waya za gia, badilisha waya za breki pia siku hiyohiyo, kwani zile za Phoenix zenye breki za waya hazitofautiani na zako ila kwenye kichwa: beba kipande cha zamani dukani ulinganishe.

Kama gurudumu lako la nyuma linashikwa kwa mkono wa kubana badala ya nati, ukaze kwa nguvu zaidi ya ulivyozoea, kwa sababu cheni ya gia moja huvuta upande wa kulia wa ekseli kuelekea mbele kila unapokanyaga kwa uzito. Likiteleza hata mara moja, badilisha ekseli iwe ya nati, ya milimita 10 yenye nyuzi za milimita 1, ambayo hutoka kwenye habu za Kijapani pia. Baada ya safari za kwanza zikague nati hizo tena na ukazaji wa cheni, na pini za krenki uzikaze upya, maana pini mpya hujikalia na kulegea kidogo kabla ya kutulia.